Miti inayoshinda kiangazi Karamoja yashindwa na jiko la mjini

MKAZI wa Jinja hana sababu ya kuuhurumia mti kwa kiu. Mto Naili unaanza safari yake hapo hapo kutoka Ziwa Victoria, na mashamba ya miwa hukaa ya kijani karibu mwaka mzima. Mbale nako, mawingu ya Mlima Elgon huwanyeshea wakulima wa kahawa na ndizi.

Lakini ukitoka Mbale na kushika barabara ya Muyembe kuelekea Nakapiripirit, migomba huisha, mlima hubaki nyuma, na nyanda za Karamoja huanza. Huku kuna msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kati ya Aprili na Septemba, na hata huo hauaminiki. Karamoja si jangwa kamili, ila mimea yake huishi kwa kanuni za jangwani: itafute maji mbali, iyaweke akiba, isiyapoteze.

Mgunga una vijani vidogo mno, na jani dogo halishiki joto jingi wala halipotezi maji mengi. Ukame ukizidi, aina nyingi za migunga hupukutisha majani na kusubiri. Chini ya ardhi, mizizi yake hushuka kufuata unyevu ambao nyasi haziufikii.

Mimea ya jamii ya mnyaa, ile inayosimama kama kinara cha mishumaa, imeachana kabisa na majani makubwa. Shina lake nene la kijani ni tangi la maji na kiwanda cha chakula kwa pamoja, na linalindwa na utomvu mweupe wenye sumu unaoweza kupofusha macho. Mmea huu, sawa na mshubiri, hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, wakati joto limepungua. Huvuta hewa ya kaboni na kuiweka akiba. Mchana vitundu hufungwa, na jua hutumika kuigeuza hewa hiyo kuwa chakula.

Kisha kuna mjunju, ambao Wakaramoja huuita ekorete. Hata miiba yake ni ya kijani na husaidia kutengeneza chakula. Wakati miti mingine imebaki fito, mjunju bado una majani, na akina mama huyachuma na kuyachemsha kuwa mboga katika miezi ya njaa. Kokwa za matunda yake hutoa mafuta.

Nguvu iliyogeuka balaa

Miti mingi ya nchi kavu ina mbao nzito zenye mishipa myembamba. Mishipa hiyo huuwezesha mti kuendelea kupandisha maji hata udongo unapokauka. Gharama yake ni kwamba mti hukua polepole sana.

Mbao hizo hizo hutoa makaa mazito yanayowaka muda mrefu, na anayechemsha maharagwe Mbale au Jinja hutaka makaa ya aina hiyo. Kwa hiyo sifa iliyouokoa mti dhidi ya kiangazi ndiyo inayomvutia mwenye shoka. Kwa familia iliyopoteza mavuno au mifugo, gunia la makaa kando ya barabara huwa ndiyo fedha pekee iliyo karibu.

Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa Uganda. Lakini marufuku haipiki chakula. Maadamu gesi na umeme ni ghali kwa nyumba nyingi za mjini, mnunuzi hatakosekana.

Ng'ambo ya mpaka, Waturkana wa Kenya wana utaratibu wa zamani uitwao ekwar. Familia hupewa haki ya kutumia miti ya eneo fulani kando ya mto: mbuzi hula maganda ya migunga, watu hupata kivuli, na mgeni hana ruhusa ya kukata. Mti wenye mwenyewe hulindwa.

Mgunga uliokatwa matawi, au ulioachiwa kisiki na kukingwa na mbuzi, mara nyingi huchipua tena. Uliong'olewa na mizizi yake haurudi. Mche mpya utahitaji miaka mingi kufikia unyevu ule wa chini, ilhali gunia la makaa humalizika jikoni kwa wiki chache.