BWAWA LA TURKWEL: LINA KAZI GANI, NA JE, NI SALAMA?

Siku moja katika somo la Jiografia mwalimu alituuliza kazi za bwawa. Wenzangu wakataja umeme, kunyunyizia mashamba na maji ya kunywa. Mimi nikasema, "Kupitisha meli." Darasa zima likaangua kicheko. Meli katika Mto Nzoia? Kwa kina nyanya kule Bungoma, pale Webuye, mto huo huporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole, hata mtumbwi haupiti!

Mwalimu ndiye aliyeniokoa. Kule Panama, ukuta wa Gatun ulizuia Mto Chagres likawa ziwa lililo mita 26 juu ya bahari. Meli hulifikia kwa kuingia katika vyumba vya maji vyenye milango. Ikishaingia, mlango wa nyuma hufungwa, maji huachiliwa ndani, nayo huinuka polepole kama jani kwenye karai, kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Bwawa la namna hiyo hatuna huku. Lililo jirani yetu ni Turkwel. Kusikia hivyo, mwenzetu mmoja wa dawati la nyuma akapaza sauti, "Na hiyo Turkwel ikipasuka, sisi wa Kitale tutapona?"

Kicheko kikaisha. Nusu ya darasa walisema tutasombwa sote. Jioni nikachukua atlasi.

Kumbe jibu liko kwenye ramani! Maji hayo yanatoka kwetu. Mto Suam huanzia Mlima Elgon, hufuata mpaka wa Kenya na Uganda, kisha huteremka kaskazini hadi kwenye korongo la Turkwel huko Pokot Magharibi. Kuanzia hapo huitwa Turkwel, hupita Lodwar na kuingia Ziwa Turkana. Maji hayapandi mlima. Ukuta ukianguka, Kitale tutasikia kwa redio tu. Watakaokimbia ni watu wa chini.

Je, unaweza kuanguka? Ukuta huo ulijengwa kuanzia 1986 hadi 1991. Kimo chake ni mita 153, nao umepinda kama upinde, mgongo ukielekea kwenye maji. Hiyo si mapambo. Maji yanapousukuma, upinde huo huhamisha sehemu kubwa ya nguvu hizo hadi kwenye miamba ya pande mbili za korongo. Chukua yai ulibane kwenye ncha zake mbili kwa viganja, utaona kazi. (Usitumie yai la mama bila ruhusa, mimi nilikula viboko vya maneno.) Maji hushuka kwa njia ya chini ya ardhi na kuzungusha mashine mbili, ndizo zinazotoa megawati 106 za umeme.

Wengi wetu tukisikia bwawa tunakumbuka Solai, kule Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, watu zaidi ya 40 walipokufa. Lakini lile lilikuwa bwawa la udongo shambani. Udongo ukipitwa juu na maji humomonyoka, na shimo dogo huwa mlango. Saruji iliyoshikwa na mwamba ni jambo jingine.

Hata hivyo ukuta kuwa imara hakutoshi. Mwaka wa 2020 mvua ilinyesha si mchezo, bwawa likakaribia kujaa, kitu ambacho halikuwa limezoea. Bwawa likijaa, maji ya ziada lazima yatolewe, la sivyo yatajitafutia njia yenyewe. Na yakitoka kwa wingi, anayelisha mbuzi kando ya mto kule Turkana anafikiwa na mafuriko ilhali ukuta haujapata hata ufa. Ndiyo sababu wakaaji wa chini walionywa wahame kingo za mto. Kwa maoni yangu onyo linalofika mapema, tena kwa lugha anayoielewa mchungaji, ni sehemu ya bwawa sawa na saruji.

Kuna jambo jingine, nalo linatugusa sisi wa juu. Mjomba wangu analima mteremkoni upande wa Endebess. Mvua ya Aprili ikinyesha, mfereji wake huwa mwekundu kama chai ya maziwa iliyoungua. Udongo ule huingia Suam, hufika bwawani, na hapo maji yanapotulia huzama chini. Mwaka baada ya mwaka nafasi ya maji inapungua, na bwawa lenye nafasi ndogo hujaa upesi.

Nilimweleza mjomba haya yote. Akacheka, akasema, "Wewe kijana, hiyo ni shida ya watu wa chini." Sikubishana naye, ni mkubwa wangu. Wiki mbili baadaye nilipokwenda nilimkuta akipanda nepia kukingama mteremko, mistari mitatu. Eti ni ya ng'ombe.