Weusi wa Van

Ukishikishwa mkanda wa fedha wa enzi za Dola ya Uthmania, ugeuze kabla hujausifu. Mimi ni sonara, na upande wa nyuma ndio ninaouanza siku zote, maana huko fundi hakumpambia mnunuzi. Tafuta muhuri. Fedha iliyopimwa rasmi ilipigwa tughra, saini ya sultani iliyosukwa kama nakshi, na mara nyingi kando yake neno la Kiarabu la kuthibitisha kuwa madini ni halali. Kila sultani alikuwa na tughra yake. Ukikuta ya Abdülhamid II, basi muhuri ni wa kati ya 1876 na 1909.

Lakini mihuri nayo hughushiwa, kwa hiyo itazame kazi yenyewe. Ninayoipenda kuliko zote ni ya mji wa Van, mashariki ya Uturuki: nakshi nyeusi iitwayo savat. Weusi ule si rangi. Fundi alichonga michoro kwenye fedha kwa kipatasi, kisha akayeyusha pamoja fedha, shaba, risasi na kiberiti. Mchanganyiko ukipoa aliusaga, akaujaza unga wake kwenye mifereji, akarudisha kitu motoni. Hapo ndipo mkono hupimwa! Moto ukipungua, unga haushiki. Ukizidi, risasi huila fedha iliyo chini na kazi ya siku nyingi imepotea. Mwisho ni tupa na kung'arisha, mpaka weusi na weupe ukawa uso mmoja. Pitisha ukucha juu yake, hautakwama. Weusi wa kupakwa tu hufifia kwa kusuguliwa.

Kule Mardin na Midyat, Wakristo wa Kisiria walisifika kwa telkari: fedha iliyovutwa ikawa nyembamba kama unywele, ikasokotwa, ikakunjwa maua na kuungwa kwa lehemu. Kipande cha kuiga kilichomiminwa kwenye kalibu utakitambua, nyaya zake zimegandamana.

Sifa ya Van ilijengwa hasa na mafundi Waarmenia. Mwaka 1915 Waarmenia wengi wa mkoa ule waliuawa, walionusurika wakakimbilia upande wa Urusi, na karakana zao zikafa. Ndiyo maana huniuma kuona kwenye kabati la duka kibao kilichoandikwa "fedha ya Kituruki" na kuishia hapo. Jina la sultani limo tayari kwenye muhuri. Kibao kiandike Van, kiandike savat, kiandike Waarmenia.