Je, Wajua? Vya Kula na Kunywa, Kibera

Je, wajua kwamba kabla ya chapo dondo (chapati na maharagwe) za steji ya Olympic, Kibera ilikula kisra? Wanubi, askari wa Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, ndio walioanza kukaa hapa. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliwatengea ekari zipatazo 4,197 za msitu. Kisra yao ni mkate wa unga wa mtama uliochachushwa, unapakwa kwenye kikaango cha moto hadi uwe mwembamba kama karatasi, kisha unaliwa na mchuzi.

Je, wajua kwamba akina mama wa Kinubi walisifika Nairobi nzima kwa kupika pombe kali? Wakoloni waliipiga vita miaka nenda miaka rudi, na wateja hawakukoma. Kenya huru nayo ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, ikairuhusu kwa masharti mwaka 2010. Masharti hayo, tuseme ukweli, hayajawasumbua wengi vichochoroni.

Busaa je? Unga wa mahindi hukandwa, ukaachwa uchachuke, ukakaangwa juu ya bati hadi ukauke na kunukia, ndipo ukatiwa maji na kimea cha wimbi. Ni kazi ya siku kadhaa. Anayeiita pombe ya wavivu hajawahi kukaanga huo unga.

Je, wajua mgongo wazi ulikotoka? Ni mifupa ya mbuta, na mbuta hakuwa samaki wa asili wa Ziwa Viktoria; alipandwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, akala samaki wengine wadogo hadi aina nyingi zikatoweka. Baadaye viwanda vikajengwa kandokando ya ziwa. Minofu husafirishwa Ulaya na kwingineko, mifupa na kichwa hubaki. Mabaki hayo ndiyo hukaangwa kwa mafuta mengi na kuuzwa Kibera na Kawangware. Mzungu alichukua mnofu, lakini mimi nasema utamu umekwama kwenye mfupa. Jioni, mgongo mmoja na sukuma wiki hulisha nyumba nzima.

Na hiyo sukuma? Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, familia nyingi za Kibera zilifundishwa kuotesha mboga ndani ya magunia ya udongo, zikitoboa ubavuni ili miche ichipue pande zote. Gunia halihitaji shamba, linahitaji mlango tu wa kuegemea.

Chapati ilikuja na Wahindi, hilo unalijua. Mutura? Utumbo uliojazwa nyama na damu, ukachomwa makaani, ukakatwa vipande juu ya ubao, na chumvi pembeni.

Ukishuka Olympic jioni, kula mutura ukiwa umesimama hapo hapo kwenye jiko. Ukiubeba nyumbani, utafika umepoa, na mutura baridi haufai.