Umbali, Vioo na Nguzo: Jinsi Usanifu wa Majengo Unavyopunguza Madhara ya Milipuko

Milipuko ya mabomu katika maghala ya silaha ya Mbagala, wilayani Temeke, Aprili 29, 2009, na Gongo la Mboto, wilayani Ilala, Februari 16, 2011, iliua watu zaidi ya 20 katika kila tukio. Nyumba nyingi za wananchi zilibomoka, kupasuka kuta au kuezuliwa mapaa.

Matukio hayo yalidhihirisha kuwa kinga ya kwanza dhidi ya mlipuko ni umbali. Mlipuko husukuma wimbi la hewa lenye nguvu kubwa, lakini nguvu hiyo hupungua kwa kasi kadiri wimbi linavyosafiri. Ndiyo maana eneo la wazi linalozunguka ghala la silaha au la mafuta halipaswi kugeuzwa viwanja vya makazi.

Wilayani Kinondoni, Agosti 7, 1998, bomu lililotegwa ndani ya gari lililipuka nje ya Ubalozi wa Marekani na kuua watu 11. Jengo hilo lilikuwa karibu mno na barabara, pungufu ya mita 30 ambazo Marekani ilikwishaziweka kuwa kiwango kwa balozi zake mpya. Ubalozi mpya, uliofunguliwa Msasani mwaka 2003, ulijengwa katika kiwanja kikubwa, mbali na barabara.

Kinga ya pili ni vioo. Siku hiyohiyo jijini Nairobi, watu wengi waliosogelea madirisha baada ya kusikia kishindo cha awali walijeruhiwa macho na nyuso kwa vipande vya vioo. Kioo chenye utando wa plastiki katikati ya tabaka zake hupasuka, lakini vipande hubaki vimeshikana.

Kinga ya tatu ni nguzo. Jengo la Ufundi, jirani na ubalozi wa Nairobi, liliporomoka. Mhandisi huzuia hali hiyo kwa kufunganisha nondo za nguzo, mihimili na sakafu, ili nguzo moja ikivunjika, nyingine zibebe mzigo wake.

Wananchi wanashauriwa kabla ya kununua kiwanja kuthibitisha matumizi ya ardhi kwa ofisa mipangomiji wa halmashauri, kupata kibali cha ujenzi na kuwatumia wasanifu na wahandisi waliosajiliwa. Nondo huongezwa kwa urahisi katika mchoro. Umbali haurudi nyumba ikishasimama.