Je, Wajua? Kichupa Chekundu cha Darini

Ukiingia hoteli au duka kubwa, inua macho. Kwenye kinyunyizio cha maji utaona kichupa cha kioo, chembamba kuliko kalamu, chenye kimiminika chekundu na kipovu cha hewa. Hicho ndicho kinachoshikilia kizibo. Moto ukiwaka chini yake, kimiminika hutanuka, kipovu hutoweka, na joto likifika nyuzi 68 za sentigredi kioo hupasuka. Maji yaliyokuwa yakisubiri kwenye bomba hushuka papo hapo. Hakuna haja ya umeme wala mtu wa kubonyeza kitufe!

Rangi za kimiminika zina maana: chungwa ni nyuzi 57, njano 79, kijani 93.

Filamu zimetudanganya sana kwa kuonyesha jengo zima likilowa kwa mpigo. Katika mifumo ya kawaida hufunguka kinyunyizio kile tu kilichopata joto, na mara nyingi kimoja au viwili hutosha. Moshi peke yake haukifungui.

Henry Parmelee wa New Haven, Marekani, alipata hataza ya kinyunyizio chake mwaka 1874. Alitaka kulinda kiwanda chake cha piano.

Na fundi akija kupaka dari rangi, tafadhali mwambie asiguse kinyunyizio. Rangi ikikaukia juu ya kichupa hukichelewesha kupasuka, na kinyunyizio hicho lazima kibadilishwe.