Watalii waliokwenda China kuchukua mtoto

HEBU mtazame, msomaji, mzazi wa Kimarekani aliyesimama juu ya Ukuta Mkuu wa China miaka ya tisini. Shingoni amening'iniza kamera. Kiunoni, ndani ya shati, amefunga mkoba wenye noti mpya za dola 3,000, ambazo siku mbili tatu zijazo atazikabidhi kituo cha watoto yatima. Anatabasamu, anapigwa picha, lakini moyo wake haupo pale ukutani. Uko mkoa mwingine, kwa mtoto ambaye amemwona katika picha moja ndogo tu, na ambaye hana habari kwamba kuna watu wanakuja kumchukua.

Ukimwona kwa mbali ungedhani ni mtalii kama wale wanaoshuka garini pale Maasai Mara. Na kweli alikuwa mtalii, kwani ratiba ya safari yenyewe ilimlazimisha awe hivyo.

China ilipopitisha sheria yake ya kuasili watoto, iliyoanza kutumika mwaka 1992, iliwafungulia wageni mlango. Tangu hapo watoto zaidi ya 160,000 walichukuliwa na familia za ng'ambo, karibu nusu yao wakaenda Marekani. Wengi walikuwa wasichana. Serikali ilikuwa imewabana wazazi kwa sera ya mtoto mmoja tangu karibu mwaka 1980, na katika jamii nyingi za mashambani mtoto wa kiume ndiye aliyetegemewa kuwatunza wazee na kuendeleza jina la ukoo. Basi kuna mama aliyejifungua binti, akamfunga vizuri kwenye blanketi, akamwacha alfajiri mahali palipo na watu wengi ili aokotwe upesi.

Safari ya kumchukua ilichukua kama wiki mbili. Kundi la familia kadhaa lilitua Beijing na kukabidhiwa mwelekezi anayejua Kiingereza. Kwa siku mbili au tatu walizungushwa. Waliona uwanja wa Tiananmen, na kasri la wafalme ambalo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1420 na ambalo raia wa kawaida hakuruhusiwa kulikanyaga kwa karne nyingi. Kisha walipanda Ukuta, aghalabu sehemu ya Badaling, yapata kilomita 70 kutoka mjini, ambako ngazi zake huwatoa jasho hata vijana. Mizunguko hiyo iliwasaidia kuzoea saa za nchi ngeni, na pia iliwaondolea ule wasiwasi wa kukaa hotelini wakihesabu dakika.

Baadaye ndege iliwapeleka mji mkuu wa mkoa alikotoka mtoto. Hapo, msomaji, ndipo utalii ulipokatika ghafla. Katika ofisi ya serikali au chumba cha mkutano hotelini, walezi waliingia na watoto mikononi, majina yakaitwa, na kila mtoto akakabidhiwa kwa watu ambao nyuso zao, harufu zao na lugha yao hakuwahi kukutana nazo. Walilia! Wengine walilia siku nzima. Wengine hawakulia hata kidogo, wakanyamaza na kukodoa macho, na wazazi wenye uzoefu watakuambia kwamba huyo anayenyamaza ndiye wa kuangaliwa zaidi. Wapo waliomkubali mama na kumkataa kabisa baba, maskini, pengine kwa sababu ya ndevu tu.

Kwa kawaida karatasi za kuasili zilitiwa muhuri siku hiyo au kesho yake. Lakini pasipoti ya mtoto ilichukua takriban wiki, na wiki hiyo hapakuwa na la kufanya ila kutembea. Wakatembezwa kwenye mahekalu, bustani na masoko, mtoto akiwa kifuani katika mbeleko ya dukani. Mitaani walikutana na polisi wasiovaa sare, yaani nyanya wa Kichina. Ajuza hao waliwasimamisha wageni, wakamvuta mtoto suruali ifunike kifundo cha mguu, wakakaripia kwa Kichina kwamba mtoto atapata baridi, hata jua likiwaka. Nani kati yetu hajui nyanya wa namna hiyo?

Kituo cha mwisho kwa Wamarekani kilikuwa Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wengi wa Nairobi wanaujua kwa sababu nyingine kabisa. Viza za watoto zilitolewa na ubalozi mdogo wao uliokuwa mjini humo, na kwa miaka mingi ulikuwa kwenye kisiwa kidogo cha Shamian katika Mto Pearl. Kando yake iko hoteli ya White Swan, iliyofunguliwa mwaka 1983. Familia zilijaa humo hata maduka ya jirani yakajifunza kukodisha vigari vya watoto na kufua nguo za kitoto. Kila kundi liliwapanga watoto kwenye kochi jekundu la hoteli kwa picha, nusu yao wakilia, mmoja akiteleza hadi sakafuni. Kampuni ya Mattel hata ilitengeneza mwanasesere wa Barbie aliyebeba mtoto wa Kichina, ili familia zilizofikia hapo zipewe zawadi.

Hapa kwetu mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilimtaka mwombaji amlee mtoto humu nchini miezi mitatu mfululizo kabla ya kwenda mahakamani, na Novemba 2014 serikali ikasimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya. Mimi naona ile miezi mitatu ilikuwa na busara. Mtoto anayebadilishiwa mama leo na kupandishwa ndege wiki ijayo anabebeshwa mengi kwa mpigo.

Tena zile dola 3,000 zilikuwa na upande wake wa giza. Mwaka 2005 ilifichuka katika mkoa wa Hunan kwamba baadhi ya vituo vilinunua watoto kutoka kwa walanguzi, kisha vikawaorodhesha kama waliookotwa. Mzazi aliyepiga picha ukutani kwa moyo safi leo hana njia rahisi ya kujua kama wake alikuwa mmoja wao.

Safari zenyewe zilikatika mwaka 2020 ugonjwa wa Covid ulipoingia, na Septemba 2024 China ikatangaza kwamba haitatoa tena watoto kwa wageni, isipokuwa jamaa wa karibu wa damu na watoto wa kambo. Mamia ya familia za Marekani zilizokwisha kuonyeshwa mtoto wao zilibaki na vitanda vitupu.

Lakini wale wasichana wa miaka ya tisini sasa ni watu wazima, na baadhi yao wanarudi. Ukuta wanaupanda, ndiyo, na kochi jekundu wanalikalia wakicheka. Kisha wanakodi teksi kwenda mahali ambapo hapamo katika kitabu chochote cha watalii, palipoandikwa kwenye faili zao kuwa ndipo walipookotwa. Huenda ni lango la shule, kituo cha basi au pembe ya soko. Wakifika hupiga picha, kisha wengine hubandika ukutani karatasi yenye sura yao ya utotoni na tarehe, pengine mama atapita.