Amepona Mwili, na Moyo Je?

Tumfikirie baba mmoja wa Masisi, mwenye ng'ombe vilimani. Asubuhi anakamua maziwa. Ghafula kichwa chamwuma kama apigwaye kwa nyundo, shingo yakakamaa, atapika na kuanguka. Majirani wasema: "Amerogwa." Kumbe mshipa wa damu ubongoni ulikuwa umedhoofika mahali pamoja na kutuna, kama mpira wa baiskeli uliochakaa. Madaktari wauita uvimbe huo anevrisimu. Waweza kukaa miaka mingi bila maumivu. Ukipasuka, damu huenea juu ya ubongo, na wengi hufa. Tumbako na mkazo mkubwa wa damu huongeza hatari. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali saa ile ile, ingawa kutoka Walikale mpaka Goma njia ni ndefu na mbaya.

Lakini neno langu leo ni juu ya wale waponao. Baba yule amerudi, atembea, anakula ugali wake, nasi twafurahi. Baada ya mwezi twaanza kunung'unika: asahau majina, achoka upesi, awakasirikia watoto, alia bila sababu, usiku aogopa kulala asije akapasukiwa tena. Twamwita mvivu. Sivyo! Ubongo wake ulijeruhiwa, na huzuni ile ni sehemu ya ugonjwa. Huwapata wengi waliookoka.

Emilia Clarke, mwigizaji wa Uingereza, alipasukiwa na mshipa mwaka wa 2011, akiwa na miaka 24. Baada ya kutibiwa alishindwa kulitaja jina lake mwenyewe, akawasihi wauguzi wamwache afe. Usemi ulimrudia. Mwaka wa 2013 akapasuliwa kichwa kwa uvimbe wa pili, na mwaka wa 2019 akayaandika hayo yote mwenyewe.

Masisi na Walikale majeraha ya moyo si mageni, tangu mauaji ya sokoni Ntoto mwaka wa 1993 na vita vilivyofuata. Madaktari Wasio na Mipaka, walioanza kuisaidia hospitali ya Masisi mwaka wa 2007, wamewatibu watu mioyo pia. Na mjini Goma Mabruda wa Mapendo wana nyumba ya wagonjwa wa akili, Tulizo Letu.

Basi mama wa nyumba ile amwandikie mumewe majina katika daftari, amwache alale mchana bila kumcheka. Akimsikia asema heri afe, asimfiche kwa aibu: ampeleke kwa mwuguzi siku hiyo hiyo.